Uchambuzi wa kisa: Diski ya mizani iliyosomeka nusu

Usuli

Kisa hiki ni cha godauni moja kisiwani Mombasa, si mbali na bandari ya Kilindini. Jina la kampuni, mwaka, na lolote la kumtambulisha mtu vimeondolewa. Mambo ya diski yenyewe tumeyaacha yalivyo, maana ndiyo yanayofundisha.

Langoni mwa godauni pana mizani ya malori. Lori likiingia tupu linapimwa, likitoka na mzigo linapimwa tena, na tofauti ya vipimo ndiyo inayolipiwa. Kipimo kinapita kwenye waya wa siriali kutoka kisanduku cha mizani hadi kwenye kompyuta ya Pentium inayoendeshwa na MS-DOS 6.22, toleo la 1994. Programu ya tiketi iliandikwa kwa Clipper, lugha ya programu za enzi ya DOS, kumbukumbu zake zinakaa kwenye mafaili ya DBF, na printa ya sindano inatoa karatasi tatu zenye kaboni: moja ya dereva, moja ya wakala, moja ya ofisi. Wageni huicheka mashine hiyo. Lakini aliyeiandika programu ameshahama nchi, kisanduku cha mizani hakijui kuzungumza na programu nyingine, na malori hayasubiri mtu anunue mfumo mpya.

Diski yake ni ya IDE, ya GB 1.28. Kwenye lebo imeandikwa jiometri yake: silinda 2,484, vichwa 16, sekta 63. Silinda ni mzunguko mmoja wa diski, kichwa ni upande unaosomwa, sekta ni kipande kidogo cha mzunguko huo. Ukizidisha, kisha ukazidisha tena kwa baiti 512 za kila sekta, unapata baiti 1,281,982,464. Ndani mna patisheni (sehemu ya diski iliyogawiwa) moja tu ya FAT16, mpangilio wenye jedwali, FAT, linaloonyesha kila faili liko wapi.

Karani wa mizani, mzee aliyeanza kazi hapo kabla kompyuta haijaletwa, ana desturi mbili. Kila Januari anafungua folda mpya ya mwaka. Na kila mwisho wa mwezi ananakili folda nzima kwenye diski ileile na kuiita bakapu. Miaka ikapita, nakala zikarundikana, diski ikajaa kupita nusu, na folda ya mwaka wa kisa hiki ikaangukia upande wa nyuma wa diski. Msomaji alishike hilo la nyuma, kisa chote kinaning'inia hapo.

Kabla ya kusimulia, ni vizuri tukubaliane amri za zamani zinagusa wapi, kwa sababu zote zinaandikwa kwenye kioo kimoja cheusi na zinaonekana ndugu. COPY, DEL na TYPE zinaiomba DOS faili kwa jina. Hazijui diski ina sura gani. CHKDSK, FORMAT na SYS zinashuka chini ya hapo: zinashika sekta ya kuwasha, jedwali la FAT na orodha kuu ya mafaili. FDISK inashuka zaidi, hadi sekta ya kwanza kabisa ya diski, nje ya patisheni yoyote. Halafu kuna DEBUG, programu ya DOS ya kuchungulia na kubadilisha kumbukumbu na sekta. Herufi L na W ndani yake husoma na kuandika sekta kwa kuhesabu tangu mwanzo wa patisheni, kupitia INT 25h na INT 26h, miito ya DOS. Na ukiandika mistari michache ya asembli humohumo, unaweza kuita INT 13h na kuzungumza na BIOS, programu ya msingi ya mashine yenyewe, moja kwa moja kwa silinda, kichwa na sekta. Huko chini hakuna jina la faili, na hakuna wa kukuuliza kama una hakika.

Yaliyotokea

Jioni ya mwisho kabla ya Idd stima ilipotea wakati lori la mwisho liko mizanini. Watu wakamalizia kwa mkono, swichi kuu ikazimwa, godauni likafungwa kwa sikukuu. Betri ya BIOS, ile ya duara ya CR2032, ilikuwa imechoka zamani. Kilichoishikilia uhai mipangilio ni umeme wa ukutani tu. Baada ya Idd mashine iliwashwa na kuandika "CMOS checksum error". Saa imerudi nyuma miaka mingi, na aina ya diski imesahaulika.

Aliitwa kijana wa duka la kompyuta la mtaani. Alibadilisha betri, jambo sahihi kabisa, kisha akaingia kwenye BIOS na kuiambia itambue diski yenyewe. BIOS za wakati huo hazitoi jibu moja. Zinatoa mistari mitatu: LBA, NORMAL na LARGE, kila mmoja na hesabu yake ya silinda na vichwa. Mstari wa NORMAL ulikuwa na namba zilezile zilizo kwenye lebo ya diski, 2,484 na 16. Mstari wa LBA ulisema 621 na 64. Kijana akachagua NORMAL. Nimeulizwa mara nyingi kama huo ni uzembe, nami nasema hapana: mtu yeyote asiyeijua historia ya kitu hiki angeamini namba za lebo.

Mashine ikawaka. C:\> ikatokea, DIR ikaonyesha folda zote, za zamani na mpya. Karani akashusha pumzi. Lakini programu ya tiketi ilipofunguliwa ikalalamika kwamba haioni faili zake, na DIR ndani ya folda ya mwaka ule ikatoa takataka: majina ya alama za ajabu, tarehe za miaka isiyokuwepo, mafaili yenye ukubwa kuliko diski yenyewe.

Hapo kijana akafanya kile ambacho mafundi wengi wangefanya. Kwanza FDISK /MBR, "ili kusafisha buti". Haikubadilisha kitu. Kisha CHKDSK /F, bila kuanza na CHKDSK tupu. CHKDSK iliona folda ambayo ndani yake hamna kinachofanana na folda, ikauliza kama iigeuze kuwa faili. Akajibu Y. Ikahesabu minyororo ya klasta (mafungu ya sekta yanayobeba mafaili) isiyo na mwenyewe, kwa kuwa waliokuwa wakiimiliki walikuwa ndani ya folda iliyokwisha kugeuzwa, ikauliza kama iifanye mafaili. Akajibu Y tena. Orodha kuu ikajaa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na wenzake.

Mwishowe akaandika FORMAT C:, na onyo la DOS likatokea kwamba kila kilichomo kitapotea.

"Mwanangu, hiyo inauliza nini?" karani akamuuliza.

"Inataka kufomati, mzee. Tukishafomati tunaweka programu upya."

"Na tiketi?"

"Tiketi zimeshaharibika, mzee. Umeona mwenyewe zile alama."

"Basi usibonyeze kwanza. Ngoja nimpigie bosi."

Bosi alisema mashine izimwe na diski iletwe kwetu. Iliwasili ndani ya gazeti, pini za kebo zikiwa na ukungu wa kijani ambao kila fundi wa pwani anaujua.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoirudisha diski kwenye mashine yake hadi tuwe na nakala ya sekta zote. Kulikuwa na hoja ya kufanya kinyume. Fundi mwenzangu, ambaye tangu hapa ndiye aliyekuwa kwenye kibodi, alisema alama za ajabu zinanuka jiometri mbaya, si diski mbovu, na kwamba kubadilisha mstari mmoja kwenye BIOS kungeweza kumaliza mambo mara moja. Dhana yake ilikuja kuthibitika. Hata hivyo hatukuifuata papo hapo, kwa sababu CHKDSK ilikuwa imeshaandika, na hatukujua imeandika wapi. Diski inayosomwa kwa hesabu mbaya inaweza pia kuandikwa kwa hesabu mbaya.

Pini zikasafishwa, diski ikafungwa kwenye adapta ya USB, na kompyuta ikawashwa kwa Linux ya flashi. Hatukutumia Windows. Windows za sasa zikiiona FAT zinaifungua kwa kuandika, na zina tabia ya kuacha folda zao za siri bila kumwambia mtu. Kabla ya lolote:

blockdev --setro /dev/sdb
ddrescue -d /dev/sdb godauni.img godauni.map

Tulichagua ddrescue badala ya dd, programu nyingine ya kunakili, kwa sababu ya ile faili ya ramani. Ikikwama kwenye sekta mbovu inaruka, inaandika iliporuka, na unaweza kuirudia sehemu hiyo tu baadaye. Na kabla ya kubonyeza, tulisoma kwa sauti ukubwa wa kila diski iliyoonekana. Tabia hiyo huwachekesha wanafunzi, lakini /dev/sda na /dev/sdb zinatofautiana kwa herufi moja, na moja kati yake ni diski ya mteja. Nakala ilitoka nzima, baiti 1,281,982,464 kamili. Kuanzia hapo kila jaribio lilifanyika kwenye nakala ya nakala.

Kisha sekta ya kwanza. Ni baiti 512: 446 za mwanzo ni msimbo wa kuwasha, 64 zinazofuata ni jedwali la patisheni lenye nafasi nne za baiti 16, na mbili za mwisho ni 55 AA. Nafasi ya kwanza ilisomeka hivi, kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16):

80 01 01 00 06 3F BF 6C 3F 00 00 00 81 34 26 00

Mstari huu ndio uliotueleza karibu kila kitu, kwa hiyo tukae nao kidogo. 80 ni alama kwamba patisheni hii ndiyo ya kuwashia. 01 01 00 ni mwanzo wake: kichwa 1, sekta 1, silinda 0. 06 ni FAT16. Zinazofuata, 3F BF 6C, ni mwisho wake. 3F ni kichwa cha 63. Vichwa vinahesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo aliyeigawa diski hii aliiona ina vichwa 64. BF imebeba vitu viwili pamoja: biti sita za chini ni sekta 63, na biti mbili za juu ni za silinda, ukiziunganisha na 6C unapata silinda 620, yaani silinda 621 kwa jumla. 621 mara 64 mara 63 ni sekta 2,503,872. 2,484 mara 16 mara 63 ni sekta 2,503,872. Ni diski ileile, imehesabiwa kwa njia mbili. Ule mstari wa LBA uliokataliwa kwenye BIOS ndio uliotumika tangu siku ya kwanza, na ushahidi ulikuwa umekaa kwenye sekta ya kwanza muda wote, wazi kwa yeyote atakayeisoma.

Kwa nini basi mashine iliwaka na DIR ikafanya kazi? Kwa sababu INT 13h imetenga biti 10 tu kwa namba ya silinda. Mwisho ni silinda 1,024. Kwa vichwa 16 hizo ni baiti 528,482,304, ukuta maarufu uliowasumbua watu katikati ya miaka ya tisini, na LBA na LARGE vilibuniwa kuuruka kwa kuongeza vichwa na kupunguza silinda. Chini ya NORMAL, chochote kilicho mbele ya ukuta huo kinafikiwa vizuri. Sekta ya kuwasha ilikuwa namba 63, nakala mbili za FAT zenye sekta 153 kila moja zikafuata, kisha orodha kuu ya sekta 32. Data ikaanza sekta ya 402. Vyote hivyo viko mwanzoni kabisa. Nyuma ya ukuta namba haitoshi, na biti zinazozidi zinadondoka. Ni sawa na odomita ya matatu ikifika mwisho: gari limesonga mbele, kioo kinaonyesha mwanzo.

Tulithibitisha kwa mkono. Ingizo la ile folda kwenye orodha kuu lilisema klasta yake ya kwanza ni 44 48, ambayo ikigeuzwa mpangilio ni 4844h, yaani 18,500. Kila klasta ni sekta 64, hivyo sekta yake ni 402 ongeza 18,498 mara 64: sekta ya 1,184,274. Kwa hesabu ya vichwa 16 hiyo ni silinda 1,174. Toa 1,024, inabaki 150. DOS iliomba folda, ikapewa kipande cha silinda 150, mahali pa mojawapo ya zile bakapu za zamani. Ndizo alama za ajabu. Tulipoisoma sekta yenyewe kwenye nakala:

dd if=godauni.img bs=512 skip=1184274 count=1 | hexdump -C

baiti za kwanza zilikuwa 2e 20 20 20 20 20 20 20 20 20 20 10. Nukta moja, nafasi tupu kumi, kisha 10, alama ya folda. Kila folda ya FAT isiyo ya mzizi (orodha kuu) huanza hivyo. Haikuguswa.

Ilibaki kujua CHKDSK ilifanya nini. Kwenye ingizo la baiti 32 la folda hiyo, baiti ya kumi na mbili ndiyo inayobeba sifa. Biti ya folda ilikuwa imeondolewa, na ukubwa umejazwa. Ndio "kugeuza kuwa faili" kwenyewe: si zaidi ya hapo. Uamuzi wetu ulikuwa kurudisha 10 mahali pake na sifuri kwenye ukubwa, kwa kihariri cha heksadesimali, kwenye nakala ya kazi. Tungeweza kutumia TestDisk, programu ya kuokoa data, au kuyafungua mafaili ya CHK moja moja, lakini hayo yangetupa data bila majina, na programu ya Clipper inataka majina. Baiti chache zilitosha. Kisha:

mount -o ro,loop,offset=32256 -t vfat kazi.img /mnt

32256 ni 63 mara 512, mwanzo wa patisheni. Folda ikafunguka, na mafaili yote ndani yake.

Matokeo

Faili la tiketi lilikuwa zima, isipokuwa mkiani. Kichwa cha DBF kinabeba idadi ya rekodi, urefu wa kichwa chenyewe na urefu wa rekodi moja; ukizidisha na kujumlisha unapaswa kupata ukubwa wa faili. Hesabu ilikubali. Lakini programu za Clipper hazikimbilii kusahihisha idadi hiyo diskini kila tiketi inapoandikwa, na stima ilikuwa imepotea lori likiwa mizanini. Tukatazama nafasi iliyobaki ndani ya klasta ya mwisho, baada ya mwisho rasmi wa faili. Zilikuwepo rekodi chache za jioni ile, kila moja ikianza na nafasi tupu kama rekodi hai zinavyoanza, zikisomeka kabisa: namba ya gari, uzito wa lori tupu, uzito na mzigo. Tuliziongeza, tukasahihisha idadi, na programu ikajenga upya faharasa zake za NTX. Tiketi ya lori la mwisho kabisa haikuwemo. Haikuwahi kuondoka kwenye kumbukumbu ya mashine. Karani aliiingiza kwa mkono kutoka kwenye karatasi ya kaboni, akiizungushia kalamu nyekundu ili mkaguzi aione.

Mashine ilirudi mizanini BIOS ikiwa kwenye LBA, na ndani ya kava lake tulibandika karatasi: 621, 64, 63, LBA.

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki humlaumu kijana kwa FORMAT. Mimi naona FORMAT ilikuwa hatari ya mwisho tu, na ndiyo pekee iliyoonya. Hatari za kabla yake hazikuonya kitu.

Chukua FDISK /MBR. Hapa haikudhuru, kwa kuwa inaandika upya msimbo na kuliacha jedwali la patisheni. Lakini diski nyingi za enzi hiyo ziliuvuka ukuta wa MB 528 kwa programu ndogo iliyowekwa kwenye sekta hiyohiyo ya kwanza, hasa pale ambapo BIOS haikujua LBA. Kwenye diski ya aina hiyo, FDISK /MBR ingeifuta programu hiyo na patisheni zisionekane tena. Kijana hakujua diski hii ni ya aina gani, na amri haikumuuliza. Kusoma sekta ya kwanza kabla ya kuiandika kungemjibu kwa dakika mbili, hata bila Linux, kwa DEBUG iliyokuwemo kwenye DOS hiyohiyo:

A 100
MOV AX,0201
MOV BX,0200
MOV CX,0001
MOV DX,0080
INT 13
INT 3

Unabonyeza Enter kwenye mstari mtupu, unaandika G, kisha D 3BE, na zile baiti 16 ziko mbele yako. Lakini tazama mstari wa pili. 0201 ni "soma sekta moja". 0301 ni "andika sekta moja". Kidole kikiteleza tarakimu moja, takataka yoyote iliyopo kwenye kumbukumbu inakuwa sekta yako ya kwanza. Ndivyo ilivyo kwa L na W, na kwa if= na of= za dd. Kwenye ngazi hii kusoma na kuharibu ni majirani wa mlango mmoja, na ndiyo sababu nashikilia kwamba swali la kwanza kuhusu amri ya diski si inatengeneza nini, bali inaandika wapi. Windows 95 iliweka kizuizi hapa: programu ya DOS ikitaka kuandika diskini moja kwa moja, ilibidi mtu atoe amri ya LOCK kwanza. Windows NT ilikwenda mbali zaidi na kuzikatalia kabisa programu za DOS kuifikia diski kuu hivyo. Kwenye DOS tupu hakuna kizuizi.

CHKDSK ni kesi yenye utata zaidi. Bila /F inaonyesha tu, haigusi, na orodha ndefu ya makosa kwenye folda moja iliyokuwa salama wiki iliyotangulia ingepaswa kumshtua yeyote: diski haifi kwa mpangilio mzuri namna ile. Kwa hiyo /F mapema ilikuwa kosa. Ila ndani ya kosa hilo, jibu la Y ndilo lililookoa data. Angejibu N kwenye swali la minyororo, CHKDSK ingezitangaza klasta zile kuwa huru, minyororo ingefutwa kwenye nakala zote mbili za FAT, na tungebaki kuunganisha faili la mwaka mzima kipande kwa kipande. Na bahati nyingine: kila ilichoandika CHKDSK kilikuwa kwenye FAT na orodha kuu, vilivyo mbele ya ukuta, mahali ambapo hesabu zote mbili zinakubaliana. Iliandika vibaya, lakini mahali sahihi.

FORMAT isingekuwa na bahati hiyo. FORMAT ya DOS 6 huhifadhi kwanza diskini habari za UNFORMAT, amri ya kutengua fomati, kisha hufuta FAT na orodha kuu. Chini ya jiometri mbaya, kila inachokiandika nyuma ya ukuta kinaweza kuangukia mbele yake. Hapo hata UNFORMAT isingetegemewa.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ambayo haikutokea. Kama programu ya tiketi ingefanikiwa kulifungua faili la zamani na kuunda jipya nyuma ya diski, kila tiketi ingeandikwa juu ya kitu kingine mbele. Printa ingeendelea kutoa karatasi safi, madereva wangeendelea kuondoka, na hakuna ambaye angejua hadi siku FAT yenyewe ingeguswa. Programu ilikataa kwa sababu tu haikuiona faili.

Bakapu za karani zilishindwa kwa namna ya kuchekesha kidogo. Zilikuwepo, zilikuwa nzima, na hazikuwa na msaada, kwa kuwa zilikaa kwenye diski ileile na ya karibuni zaidi ilikuwa nyuma ya ukuta uleule. Tena ndizo zilizoisukuma folda ya mwaka huko nyuma. Sasa ananakili kwenye flopi: mafaili yakibanwa yanatosha kwenye moja ya MB 1.44, na flopi zinakaa kwenye mkebe wa biskuti ofisini kwa mhasibu.

Jambo moja lilihitaji ubishi wa muda. Mwenye godauni alitaka diski ya zamani istaafu na nakala ihamie kwenye kadi ya CompactFlash, na kwa kuwa bei hazitofautiani sana, alitaka kubwa. Tulimkatalia. BIOS ya aina hii, ikiwa kwenye LBA, huchagua idadi ya vichwa kwa ukubwa wa diski: kutoka takriban GB 1 hadi GB 2.1 inatoa vichwa 64, ikizidi hapo inatoa 128, na juu ya GB 4.2 inatoa 255. Sekta ya kuwasha tuliyoihamisha ina vichwa 64 ndani yake, na msimbo wake unakokotoa kwa namba hiyo. Kadi ya GB 8 ingeturudisha kwenye ugomvi uleule wa hesabu mbili kwenye diski moja. Tuliweka ya GB 2, tukaandika nakala kwa dd baada ya kusoma ukubwa kwa sauti, BIOS ikaonyesha vichwa 64, na lori la kwanza likapimwa.